Shibuzo Hana Kiuno

Kiuno nilikifuta mimi, kwa mkono wangu na kifutio changu. Nasema mapema ili mtu asianze kuwatupia lawama watu wa kamati. Wao walisema tu, "Dada Chigusa, mbona kama amekonda?" nami nikafuta. Wakasema miguu mirefu, nikakata. Wakasema kichwa kidogo, watoto waliosimama nyuma hawatakiona. Nikakikuza hadi kikazidi mwili. Mchoro wa kumi na moja ndio uliopita. Ulipopita wote walipiga makofi, na mimi nikakimbilia chooni kutapika.

Nilitapika kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi kitu ambacho mchoro ule usingeweza kukifanya. Ahadi ni deni, na yangu nilimpa Bibi Utako, mwenye Shibuzo wake.

Shibuzo ni tunda la kuchorwa, kaki, lile la rangi ya chungwa lenye umbo la nyanya. Tena si kaki tamu. Ni ile ya kwetu Nagisawa, yenye ukakasi, ukiing'ata kabla haijaivishwa ulimi wote unakauka. Bibi Utako alimchora miaka thelathini na moja iliyopita, enzi hizo akitengeneza vipeperushi vya ushirika wa wakulima. Mwaka ule masanduku elfu mbili yalipelekwa mji mkubwa kabla ya wakati. Wateja waling'ata, wakatema, wakarudisha. Lawama ikamwangukia mumewe, Tokuji, aliyekuwa akishika ufunguo wa ghala la kuivishia. Ushirika ukamvalisha suti, ukampandisha treni, akazunguka duka kwa duka wiki tatu, kazi yake kuinama na kuomba radhi. Wapo waliojua kwamba amri ya kupakia haikutoka kwake. Walijua na wakanyamaza. Tokuji naye hakusema neno mpaka anaingia kaburini.

Basi mkewe akachora kaki mwenye nyusi zilizoshuka, aproni kiunoni, mikono mapajani, ameinama. Chini akaandika: Tunaomba radhi. Watu walicheka, wakampenda. Tangu siku hiyo hakuna kipeperushi cha ushirika kisicho na Shibuzo, na katika vyote ameinama.

Mwaka huu mji wetu nao ukataka kikaragosi chake, yule wa kuvaliwa na mtu akapiga picha na watoto. Majirani wote wanaye. Wa bondeni wana kitunguu chenye miguu, wa ng'ambo ya mto wana bata mwenye kofia. Kura zikapigwa, Shibuzo akashinda kwa mbali. Kazi ya kumchora upya, ili mtu aweze kuingia ndani yake akatembea, nikapewa mimi, mchoraji wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja pale ofisi ya mji. Jambo la kwanza likawa kwenda kwa Bibi Utako kuomba ruhusa.

Nilimkuta barazani anamenya kaki za kuanika.

"Mtamnenepesha," alisema bila kuniangalia.

"Kidogo tu, bibi."

"Na mtamchekesha."

"Labda… kidogo."

"Mnenepesheni, mchekesheni, mvalisheni hata sketi mkipenda. Mimi sharti langu moja. Siku ya kumzindua, ainame. Jukwaani, mbele ya watu wote, ainame mpaka chini."

"Atainama, bibi. Naapa."

"Usiape. Una uso wa mtu anayeahidi kila anayempita njiani." Alifuta mikono, akatoa muhuri wake, akaupuliza, akaugonga kwenye karatasi ya ruhusa. "Lakini nimekusikia. Asipoinama, napanda mwenyewe namng'oa kile kichwa. Nina miaka themanini na tatu, watanifanya nini?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Mdomo uliponza kichwa, waliosema hawakukosea. Miezi minne baadaye, siku moja kabla ya uzinduzi, mafundi wa karakana walituletea Shibuzo ndani ya boksi kubwa kama friji. Wa kumvaa alikuwa Wataru, kijana wa idara ya maji, aliyechaguliwa kwa sababu ni mfupi kuliko wafanyakazi wote. Tukamvisha kwenye ukumbi wa mikutano, nikamwambia ainame.

Kichwa kilichomoka. Kilianguka, kikabiringika hadi mlangoni, kikasimama miguuni pa mama wa usafi, naye akapiga ukelele ambao nadhani walioko mtoni waliusikia.

Hebu fikiria hilo mbele ya chekechea. Vikaragosi wana sheria moja tu: ndani hamna mtu. Mtoto haulizi, mzazi hasemi. Bata wa ng'ambo ya mto alichomokwa na kichwa juzijuzi tu, watoto thelathini wakalia kwa mpigo, na yule bata hajaonekana tena mpaka leo.

"Tujaribu tena," nilisema, na sauti yangu mwenyewe siijui.

Tulifunga mkanda wa kidevuni. Tukafunga wa kwapani. Tukaweka gundi, tukaweka pini. Wapi! Mwili wenyewe ni duara. Hauna pa kukunjikia, kwa sababu mimi hapa nilipafuta. Wataru akiinama kidogo kama mtu anayeitikia salamu, kichwa kinakaa. Akizidisha, kinaondoka zake.

"Dada," Wataru alisema kutoka humo ndani, akihema, "ukiukaza tena mkanda huu nakufa, na kwenye taarifa ya msiba wataandika nimeuawa na tunda."

"Nyamaza. Mara moja tu, ya mwisho."

"Ya mwisho umeisema mara sita!"

Hapo ndipo alipoingia Mzee Gohei, mwenyekiti wa kamati. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ushirika zamani zile za masanduku. Alisimama na fimbo yake, akatutazama.

"Mnafanya nini?"

"Tunamfundisha kuinama, mzee."

Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni hasira, na siku ile nilimwogopa zaidi kuliko kumwelewa.

"Nani kasema ainame? Kwenye kamati nilisema nini mimi? Anapunga mkono, anacheza, anaondoka. Nani anataka kikaragosi cha kuomba radhi? Kwani tumekosa nini?"

"Bibi Utako ndiye…"

"Utako alishagonga muhuri. Yamekwisha." Akageuka kuondoka, kisha akasita mlangoni. "Mkataba wako unaisha Machi, sivyo?"

Ndivyo. Nikamwinamia mpaka akatoka, mgongo ukijua adabu yake hata nikiwa nimejaa sumu.

Jioni ile nilipaswa kwenda kumwambia bibi ukweli. Nilikwenda, kweli. Nilifika mpaka barazani, nikasikia anacheka peke yake na televisheni, nikageuka nikarudi. Nilijitukana njia nzima. Mwoga mkubwa mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na minane nakimbia kicheko cha kikongwe!

Kesho yake uwanja ulijaa. Supu ilichemka kwenye masufuria makubwa, watoto wa chekechea walikaa chini na kofia zao za njano, na safu ya mbele wakakaa wazee saba wa ushirika wa zamani, suti nyeusi, maua ya utepe kifuani. Mwisho wa safu akakaa Bibi Utako. Alikuwa amevaa kimono nyeusi yenye alama za ukoo, ile inayotolewa kabatini kwa siku kubwa tu. Aliponiona alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesema, haya, tuone.

Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono Shibuzo asianguke, maana aliye ndani haoni vizuri. Tulingoja nyuma ya pazia.

Mzee Gohei alitoa hotuba jukwaani. Pazia likaanguka. Watoto wakapiga kelele za furaha, na lazima niseme ukweli, alipendeza. Mashavu hayo! Akapunga mkono. Akacheza, kulia, kushoto, akazunguka. Watu wakatoa simu zao. Wazee saba wakapiga makofi.

Bibi Utako hakupiga. Alimtazama tu, mikono juu ya fimbo, akingoja.

"Basi," alisema Mzee Gohei kwenye mikrofoni, "tumuage Shibuzo wetu kwa makofi mengine!"

Nikamwona bibi anailaza fimbo kwenye kiti. Akasimama. Akapiga hatua moja kuelekea ngazi za jukwaa, taratibu, uso mkavu, na mimi nikajua hakuwa anatania siku ile. Anakuja kung'oa kichwa. Nyuma yake watoto wote wale na kofia zao.

Sikufikiri. Ningefikiri, nisingethubutu. Niliuachia mkono wa Wataru, nikapita nyuma yake, nikakamata kile kikonyo cha kijani cha kichwani kwa mikono yote miwili, nikaweka mdomo kwenye tundu la hewa.

"Wataru, inama."

"Nini?"

"Inama mpaka chini. Kichwa nimekishika."

"Dada, mzee si alisema…"

"Inama, wewe!"

Akainama. Kwa kuwa hana kiuno alikuja mzima mzima kutoka magotini, na uzito wake ukanivuta mabega nusura yang'oke. Nikawa nimejikunja nyuma yake, naning'inia kwenye kikonyo. Nikasikia uzi wa kwanza unakatika. Prr.

Nilingoja kicheko, hakikuja. Nikachungulia chini ya kwapa langu.

Wazee saba walikuwa wamesimama, wameinama.

Hakuna aliyeamua. Kwetu mtu akikuinamia, mgongo wako haungoji ruhusa ya kichwa. Kipeperushi hakuna anayekiinamia, unakisoma ukafungia vitunguu. Lakini huyu alikuwa na mwili, amesimama mbele yao, ameinama, nao wakajikuta wameshainama. Mzee Gohei, pale jukwaani, hatua mbili kutoka kwetu, naye alikuwa chini, mikono mapajani, mikrofoni bado imeshikwa.

Kisha wakamngoja. Huwezi kuinuka kabla ya mwenzio.

"Dada," Wataru alinong'ona, "siwezi kuinuka."

"Jikaze."

"Sina pa kujikazia!"

Prr. Uzi wa pili, wa tatu. Vidole vyangu viliwaka moto. Mzee mmoja alijaribu kuinua shingo, akaona wenzake bado, akaishusha upesi. Shingo ya Mzee Gohei ilikuwa inageuka nyekundu. Hapo nikaona kitu ambacho kama ningekuwa na akili ningekiona tangu barazani: wazee hawa hawakuwa wanaliinamia tunda, na sasa walijua hivyo. Haikuwa tena heshima ya mazoea. Mmoja alikuwa anatikisika mabega.

Mtu pekee aliyesimama wima kati ya wazee wote alikuwa Bibi Utako. Hakuwa na haraka. Alitembeza macho kwenye vipara vile, kimoja, kingine, mpaka akavimaliza vyote. Mimi nasema kimoyomoyo, bibi, tafadhali, nyuzi zimebaki chache, tafadhali.

"Tokuji amewaona," alisema hatimaye. "Haya, inueni vichwa."

Wakainuka. Nikamvuta Wataru kwa nguvu zangu zote, nikasukuma kwa goti, akasimama, kichwa kimekaa upande lakini kimekaa. Watoto wakashangilia, wao walidhani yote ni mchezo. Nikajua Machi nitakuwa natafuta kazi, na nikashangaa kwamba sikujali.

Lakini Mzee Gohei hakuinuka.

Alibaki vilevile, uso kwenye mbao za jukwaa. Mikrofoni ilikuwa imegusa goti lake, na spika za uwanja zikawa zinatutolea pumzi zake, nzito, zinakwaruza. Watu wakatazamana. Mtu mmoja akasogea kumsaidia, akidhani ameugua.

"Pakieni," spika zilisema. "Mimi ndiye niliyesema pakieni."

Sidhani alikusudia isikike mbali vile. Ilisikika mpaka kwenye masufuria ya supu, na mama waliokuwa wanapakua wakasimama na pawa mkononi.

Bibi Utako alipanda zile ngazi, moja moja, bila fimbo. Mimi bado nilikuwa nimekamata kikonyo, sikuthubutu kukiachia. Alipita mbele ya Shibuzo hata asimtazame, akaenda kusimama karibu na kile kipara kilichoinama.

"Najua, Gohei. Tokuji alijua, mimi najua, wote hawa wanajua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Akamwekea mkono begani. "Sasa inua kichwa. Utaumia mgongo."