Kivuli cha Wodi ya Ngolani

Saa saba mchana Kavutha alichovya leso kwenye ndoo, akaikamua, akaitundika kwenye dirisha la chumba cha kujifungulia. Ilikuwa leso ya nne tangu asubuhi. Mabati ya zahanati ya Ngolani, huko Kalama, yalikuwa yakilia ka! ka! kwa joto, na leso ilikauka kabla hajafika mlangoni.

Kavutha alikuwa muuguzi wa pekee pale, mwaka wa kumi na moja sasa. Alijua kwamba mwezi wa pili, jua likiwa kali, mtoto mchanga akilazwa chini ya mabati yale, huiva kama kiazi jivuni. Hakuwa akisema kwa mafumbo. Mwaka wa 2007 mama mmoja wa kijijini, Ndunge, alijifungua msichana ndani ya chumba kile, akavuja damu, ikabidi alale siku mbili. Yeye alipona. Mtoto alishikwa na joto likakataa kushuka, akazikwa kabla hajapewa jina.

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi, 2008, na Ndunge alikuwa mjamzito tena, wa kujifungua mwezi wa nne mwaka uliofuata. Kwa hiyo barua yenye habari ya wodi mpya ilipofika, Kavutha aliisoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama.

Serikali ilikuwa imetenga fedha za kujenga majengo yasiyokula nishati, ili Kenya nayo ipigane na mabadiliko ya hali ya anga. Ngolani ilichaguliwa kupata wodi ya akina mama. Kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa la tabaka mbili lenye hewa katikati, matundu juu ya kutolea joto. Hakuna feni, hakuna stima. Kazi ya wananchi ilikuwa kuchangia mchanga, mawe na jasho.

Jasho Mkamba hafundishwi. Akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, walishuka mtoni kila Jumanne kwa miezi mitatu. Walibeba mchanga mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, wakipandisha ule mlima ambao hata punda huufikiria kwanza. Wenye nguvu kidogo walikaa chini wakavunja mawe kwa nyundo. Kalekye, mwenyekiti wao, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliwaimbisha mpaka rundo la mchanga likapita paa la zahanati.

Ndipo akaja mkandarasi, Justus, kijana wa viatu vya kung'aa, na malori mawili. Alisimika ubao wenye picha ya wodi, akapiga picha akiwa kando yake, halafu akaamuru mchanga upakiwe.

"Unaupeleka wapi?" Kalekye akamuuliza.

"Kupimwa, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Sheria ya siku hizi, lazima mchanga ipimwe Nairobi."

"Wote?"

"Sasa mwaitu, ukipima nusu, hiyo nusu ingine utajuaje iko sawa?"

Wiki iliyofuata alichukua mawe, nayo yakapimwe. Hakurudi. Waliosafiri walisema kuna ghorofa mpya inainuka kando ya barabara ya Mombasa, na ukisimama karibu nayo jioni utasikia kuta zikiimba nyimbo za mwethya, sauti ya Kalekye ikiwa mbele.

Alhamisi moja, jua lilipotoka, kivuli cha wodi kilikuwa pale kwenye kiwanja. Wodi haikuwepo, kivuli kilikuwepo. Kilikuwa na urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua tisa, sawasawa na picha ya ubaoni, na vipande vinne vya mwanga mahali pa madirisha. Hakikuhama na jua kama vivuli vingine. Kilikaa mahali pamoja, kama jengo linavyokaa. Ukiingia ndani yake ngozi inapoa, na unasikia hewa ikipanda taratibu kuelekea matundu ya juu ambayo hayakuwa juu.

Kavutha alizunguka kile kivuli mara moja, akapitisha mkono kwenye ukuta, ukapita. Alirudi ofisini akachukua ufagio. Kufikia saa nne alikuwa amefagia ndani, na akina mama wakahamisha vitanda vitatu kutoka kwenye lile tanuri la mabati. Wajawazito walilala wakapata usingizi wa mchana. Hakuna aliyeuliza kitu kimetoka wapi. Kitu cha serikali kikifika, hata kikifika nusu, unakitumia kabla hawajakumbuka.

Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa adabu.

Maana mwisho wa mwezi wa pili alikuja afisa wa wizara, Bwana Mulwa, kukagua. Kwa Mkamba mgeni haketishwi juani huku kivuli kipo. Kalekye alimkaribisha katikati ya wodi, akamwekea kiti chenye kitambaa cha kufuma. Wakamchinjia jogoo, wakampakulia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakamwimbia. Mulwa alikula akashiba, akafungua mkoba akatoa kipimajoto. Nje, nyuzi thelathini na tano. Ndani, ishirini na mbili.

"Stima mnatumia?"

"Hakuna," Kavutha akajibu.

"Simiti ilitumika mifuko mingapi?"

"Hakuna hata mmoja. Bwana Mulwa, hakuna ukuta hapa. Tazama, huu mkono wangu unapita."

Mulwa alitazama mkono ukipita.

"Sista, mimi nimetumwa kupima joto," akasema. "Ukuta ni idara ingine."

Ripoti ilitoka mwezi wa tatu. Wodi ya Ngolani ilitajwa kuwa jengo lisilokula nishati kuliko yote nchini, na moshi wake wa kuharibu anga ulikuwa sufuri. Wizara ikaidhinisha wodi kumi na mbili nyingine za mtindo wa Ngolani, na Justus, kwa uzoefu wake, akapewa zote.

Kilichofuata kilifuata kanuni. Jengo jipya likikamilika, la zamani linafutwa kwenye daftari. Vijana wanne walikuja na mitaimbo kung'oa mabati ya chumba cha kujifungulia. Kavutha alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hamng'oi kitu hapa."

"Sista, si uko na wodi mpya?"

"Ni kivuli!"

"Eeh, tumesikia kiko na baridi poa sana," kijana mmoja akasema, kwa heshima kabisa, akapanda ngazi.

Walibeba mabati, mbao, hata misumari. Kilichobaki ni chumba cha dawa, chenye upana wa meza.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuja Ijumaa, saa nane mchana, na uchungu wa Ndunge ulikuwa umefika saa sita. Alikuwa kwenye kitanda cha pili, ameshika chuma. Wingu lilipofunika jua, kivuli kiliondoka mara moja, kama leso iliyovutwa kwenye kamba. Kwa akina mama waliokuwa pale hilo halikuwa jambo geni. Kivuli hakifanyi kazi bila jua. Walikimbia kuleta turubali. Wanawake kumi na wawili walilishikilia juu ya Ndunge, mikono imenyooka, maji yakiwamiminikia makwapani, na upepo ukalichana mara mbili.

Mtoto wa kiume. Alilia vizuri. Kavutha alimfunga kwa koti lake mwenyewe, akamkimbiza kwenye chumba cha dawa, lakini alikuwa ameshalowa, na mto ulikuwa umejaa, gari la kwenda Machakos lisingevuka. Jumapili usiku akaanza kukohoa. Jumatatu alfajiri Kavutha alimtoa mikononi mwa Ndunge kwa kumbandua mama kidole kimoja kimoja.

Kavutha aliiandikia wizara barua. Hakuandika *ninayo heshima kuwasilisha*. Aliandika: *Mmeua mtoto.* Mulwa akaja tena, siku ya jua, akasimama kivulini, akatazama juu mahali pa dari.

"Paa linavuja," akaandika. "Wananchi wahimizwe kutunza mali ya umma."

Ndunge alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili, maziwa yakilowesha blauzi yake.

"Andika na hii," akamwambia. "Wa kwanza alichukuliwa na jua, huyu mvua. Mmebakisha upepo."

Mulwa akaiandika. Alikuwa mtu wa kuandika kila anachoambiwa.

Jumanne iliyofuata, bila kuitana, mwethya ulishuka mtoni. Kalekye hakuimbisha. Walipandisha mchanga, wakavunja mawe, na baada ya wiki tano wakachimba msingi palepale kwenye kivuli, mahali kuta zilipopaswa kuwa. Walikuwa wamepanga mstari wa kwanza wa mawe naibu wa chifu, Josphat, alipofika na askari wawili.

"Akina mama, hii ni nini?"

"Tunajenga wodi," Kalekye akasema.

"Wodi iko."

"Iko wapi, Josphat? Wewe nilikushika ukizaliwa, hebu nionyeshe."

Josphat alivua kofia. Alikuwa na aibu, lakini alikuwa pia na karatasi.

"Mwaitu, kwenye ramani hapa kuna jengo la serikali, limekamilika. Mtu hajengi nyumba ndani ya nyumba ya serikali. Hiyo ni kesi. Toeni mawe."

Halafu Kalekye akainama, akainua jiwe la kwanza, akalipachika kiunoni. Wengine wakamfuata. Waliyatoa yote kupitia mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakijibana kupishana, kwa sababu kuta zilikuwa za serikali na askari walikuwa wakitazama.

Ndani, kwenye kitanda cha karibu na dirisha, binti wa watu alikuwa ameanza uchungu. Kavutha alimshika mkono, uso ameuinua, akilipima wingu lililokuwa likija kutoka upande wa vilima vya Mua.