Vitabu vya Mchezo wa Malori

Mwaka wa 1974 Pradeep, mpiga chapa wa Nakuru, alibuni mchezo wa ubao: malori manne ya mbao yakitoka Nakuru kwenda Eldoret kwa kutupa dadu. Kila kituo kilikuwa na kadi yenye picha ya kitabu na maneno machache. Kadi hizo hazikumpeleka mchezaji mbele wala nyuma. Zilikuwa za kunogesha safari tu.

"Nataka ziwe za falsafa," alimwambia Milcah, karani wa maktaba. "Dereva akipumzika, awaze kidogo. Nichagulie vitabu kumi na viwili."

Milcah alifurahi. Kwa miaka sita alikuwa akiipangusa vumbi rafu ya falsafa, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Alisoma majuma matatu, akatafsiri, akafuta, akatafsiri tena. Kadi aliyoipenda kuliko zote ilisema: Mtu ni kumbukumbu zake. Zikimtoka, aliyebaki ni mwingine.

Jumamosi mchana waliupeleka mchezo Salgaa, kwenye hoteli ya madereva, ukajaribiwe. Wengi waliziweka kadi kando bila kuzitazama. Ila dereva mmoja, Gelle, aliisoma ile ya kumbukumbu, kisha akaishika dadu bila kuitupa, ingawa zamu ilikuwa yake.

"Dada, hii umeandika wewe?"

"Nimeichagua tu."

"Mama yangu hanikumbuki tena. Nikimpelekea maziwa ananiita jina la kaka yake. Lakini chai bado anaipoza kwa kisosi kwanza ndiyo anipe, vile alikuwa anafanya nikiwa mdogo. Sasa huyo ni mwingine?"

Milcah aliichukua kadi, akaisoma tena. Alikuwa ameipenda sentensi ile kwa jinsi ilivyopangika. Hakuwa amemfikiria mtu yeyote.

"Pole, Gelle. Sikufikiria."

"Si makosa yako. Lakini huyo aliyeandika angekuja kwetu kwanza."

Jumatatu Milcah alimwomba Pradeep aibadilishe kadi. Pradeep alinung'unika kwamba herufi za chuma zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akauliza sababu, akasikiliza hadi mwisho, akachukua kibano na kuanza kuzing'oa herufi hizo moja moja. Kadi ikachapwa hivi: Mtu akisahau kila kitu, je, bado ni yeye? Chini yake wakaacha nafasi tupu.

Mchezo haukununuliwa sana. Mwalimu mmoja wa Rongai aliandika kulalamika kwamba wanafunzi wake wakifika kituo hicho hubishana mpaka kengele inalia, na malori hayafiki Eldoret. Pradeep alimsomea Milcah barua hiyo mara mbili.