Mstari wa Maoni

Wanafunzi walimbandika jina la Kalamu Chini, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Miaka ishirini na sita amesimamia mitihani, na haijatokea hata siku moja akampa mtu dakika ya nyongeza. Muda ukiisha, huyo amesimama: "Kalamu chini!" Mtoto akiwa katikati ya neno, neno hilo libaki hivyo hivyo na miguu yake hewani. Tuseme kweli, hakuwa mkali wa viboko wala wa matusi. Alikuwa mtu wa utaratibu, basi, na utaratibu ukiuzoea sana unakufanyia hata kazi ya kufikiri.

Jumatano ya wiki ya kufunga shule alikuwa kwenye chumba cha walimu, ripoti arobaini na tatu za darasa la tano mbele yake. Kazi hiyo angeweza kuifanya akisinzia. Alama zilishajazwa, nafasi ya kila mtoto darasani ilishaandikwa, na kilichobaki ni ule mstari mmoja wa chini, wa maoni ya mwalimu. Wa kwanza mpaka wa kumi aliwaandikia "Vizuri sana." Wa katikati, "Anajitahidi." Waliobaki wote, "Ongeza bidii." Kwa kawaida alimaliza kabla chai yake haijapoa.

Siku hiyo ilipoa. Alikuwa amefika ripoti ya ishirini mlango ulipogongwa, akaingia mwanamume mwenye ovaroli iliyotobolewa tobolewa na cheche kifuani. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana ya mageti na madirisha, na binti yake alikuwa darasani kwa Kalamu Chini. Mwalimu alimtambua upesi. Fundi mwenyewe alipita mikononi mwake darasa la tano, enzi hizo mwalimu akiwa na miaka miwili tu kazini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa jitu zima! Kaa basi."

Hakukaa. Alitoa karatasi mbili kwenye bahasha, akaziweka mezani moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja. Moja ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kuchakaa kwenye mikunjo. Nyingine ilikuwa ya muhula uliopita.

"Hii ni yangu," alisema. "Mama alikuwa ameitunza sandukuni, nimeikuta juzi nikitafuta cheti cha kuzaliwa. Na hii ya binti yangu. Hebu tazama pale chini kabisa."

Mwalimu akatazama. Mwandiko ni wake, huku na huku. Ongeza bidii. Ongeza bidii.

"Yanafanana mpaka mikia," fundi alisema, kidole chake cheusi kikienda karatasi hii na kurudi ile. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkosesha mwalimu raha. Mzazi mwenye hasira alijua jinsi ya kumtuliza. "Mwalimu, mimi niliongeza. Mungu shahidi yangu, niliongeza mpaka nikachoka. Ila hakuna aliyeniambia niongeze wapi. Nikatoka shule sijui nilikuwa nakosa nini. Sasa naona mtoto wangu naye anapitishwa humo humo."

"Unataka nifanyeje, mwanangu?"

"Ijumaa nakuja kuchukua ripoti. Nikute umeniandikia kitu kimoja anachokijua binti yangu, na kimoja kinachomshinda. Sitaki vingi. Ukiweza, anabaki shule. Ukishindwa, muhula ujao anakuja karakana. Kule angalau chuma kikikataa kushika, namwonyesha pale kilipokatalia."

Akakusanya karatasi zake, akaaga kwa adabu zote, akaondoka.

Kalamu Chini alibaki akijaribu kumkumbuka yule msichana. Alikumbuka namba yake: wa arobaini kati ya arobaini na tatu. Alikumbuka anakaa dawati la pili kutoka nyuma. Sauti yake? Hakuikumbuka. Anapenda nini, anaogopa nini, anacheka na nani? Kapa. Mwaka mzima amemwita jina kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, mtoto akaitika, na habari yao ikaishia hapo. Aliona aibu, aibu ya kweli inayopandisha joto masikioni.

Mwalimu wa hisabati, jirani yake wa meza, alikuwa amejifanya hamnazo muda wote, kumbe masikio kayatega. "Achana naye huyo," alisema. "Andika 'ana tabia njema', yaishe. Nani amewahi kulalamika kwamba mwanawe ana tabia njema?"

"Kwani anayo?"

"Nitajuaje mimi? Si mkimya?"

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha Kalamu Chini kilikwama njiani. Akazichukua zile ripoti ishirini alizokwisha kuzijaza, akaziweka kando kana kwamba si zake.

Alhamisi asubuhi aliweka viti viwili kwenye kona ya darasa, karibu na kabati la vitabu, akatangaza kwamba ataita mmoja mmoja. "Uje na daftari lolote unalolitaka. Utanionyesha kitu unachokijua vizuri na kitu kinachokusumbua." Darasa likanywea kama limemwagiwa maji. Wa kwanza kuitwa alianza kulia hata hajakaa, akiapa kwamba si yeye aliyevunja kioo cha dirisha la ghala, kioo ambacho mwalimu hakuwa na habari nacho kabisa.

Ilipofika wa kumi, habari zilishaenea kwamba hakuna adhabu, wakaanza kusukumana kwa zamu. Mwalimu alisikia mambo. Mmoja alijua kuchora mto na vijito vyake vyote bila kutazama kitabu. Mwingine, mtundu wa kutupwa, ndiye kumbe aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa darasa zima wakati wa mapumziko, na wenzake walimtii kuliko walivyomtii kiranja. Yule aliyekuwa wa kwanza kila muhula alikaa akitazama magoti yake.

"Kinachokusumbua?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Haya, unachokijua?"

Mtoto akafikiri mpaka jasho likamtoka puani. "Najua kwamba mimi ni wa kwanza," alisema mwishowe. Mwalimu aliyaandika maneno hayo, na moyo ukamuuma.

Binti wa fundi alikuja baada ya mapumziko. Alikuwa mwembamba, kucha zimekatwa fupi, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuambiwa ainuke.

"Kusoma," alisema kabla hajaulizwa.

"Kusoma ndiko unakokujua au ndiko kunakokusumbua?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

Akampa kitabu cha kusoma. Msichana akasoma sentensi ya kwanza, safi, bila kujikwaa. Kisha akanyamaza. Akamtazama mwalimu usoni, akaieleza sentensi ile kwa maneno yake mwenyewe, taratibu, akasubiri kidogo. Ndipo akasoma ya pili.

"Mbona unasimama?"

"Ili uelewe," alijibu, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. "Samahani, Mwalimu! Nimezoea. Nyumbani mimi ndiye ninayemsomea baba. Barua, karatasi za dawa, maelezo ya mashine, kila kitu. Yeye hajui kusoma."

Mwalimu alikiweka kitabu mapajani. Kumbe yule mtu aliyekuja jana na karatasi mbili hakuwa amezisoma. Alikuwa amezilinganisha kwa macho, kama anavyolinganisha vyuma viwili, akaona ni kitu kimoja. Na mtu huyo alikaa mwaka mzima mbele yake, kwenye darasa lake, akiangalia ubao asioweza kuusoma, naye akampandisha darasa kwa maneno mawili.

"Na kwenye mtihani unasomaje?" aliuliza.

"Hivyo hivyo. Nasoma swali, najielezea mwenyewe, nalirudia. Halafu muda unaisha."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mwalimu akafungua kabati, akatoa karatasi za mtihani wa sayansi, akaitafuta ya msichana. Maswali hamsini. Alikuwa amejibu kumi na manane ya mwanzo, akapata kumi na saba. Yaliyobaki yalikuwa meupe, na juu ya weupe huo mwalimu mwenyewe alikuwa amepiga mstari mwekundu mrefu, akajumlisha, akatupa karatasi kwenye rundo. Akatoa na ya maarifa ya jamii. Mambo yale yale. Miezi yote hiyo alikuwa akiuhesabu weupe wa karatasi kuwa ni ujinga wa mtoto.

"Kaa hapa," alimwambia. "Jibu yaliyobaki. Usitazame saa, mimi mwenyewe siitazami."

Msichana alijibu mpaka saa tisa kasoro, huku wenzake wakiitwa na kuondoka. Katika yale thelathini na mawili alikosa sita. Mwalimu aliyapitia yale sita mara mbili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Yote sita yalihusu umeme.

Jioni hiyo alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ile namba arobaini ifutwe. Mwalimu mkuu, mzee mpole anayeogopa karatasi zilizopigwa muhuri, alitikisa kichwa. "Nafasi zimeshaingizwa, mama. Hapo sina mkono. Ila huo mstari wa maoni ni wako, andika unavyotaka."

Mstari ulikuwa mfupi kama kidole. Kalamu Chini akachukua karatasi za daftari na gundi, akaanza kubandika vipande chini ya ripoti, zote arobaini na tatu. Ijumaa alifika shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti, na alipomaliza ya mwisho wazazi walikuwa wameshaanza kujaa uani.

Fundi aliingia darasani na ovaroli ile ile, ila imefuliwa. Binti yake alisimama kando yake, ameshika kamba za mkoba kwa mikono miwili. Alijua vizuri kinachongojewa. Baba yake hakuwa mtu wa kuficha mambo. Mwalimu alikuwa amepanga maneno ya kueleza, lakini akanyoosha ripoti tu.

Fundi aliipokea, akakipapasa kile kipande kilichobandikwa, akampa binti yake. "Soma, mama."

Msichana akasoma. "'Binti yako husoma ili mtu mwingine aelewe. Kwa sababu hiyo huenda taratibu, na muda humwishia.'" Akasimama. "Baba, anasema nachelewa kwa sababu ya vile ninavyokusomea wewe." Akasubiri baba yake aitikie kwa kichwa, akaendelea. "'Katika mtihani wa sayansi alijibu maswali kumi na manane, akapata kumi na saba. Nilipompa muda alijibu yote. Namba arobaini imepima muda niliompa, haikupima akili yake.'" Hapo akaendelea moja kwa moja. Hakueleza kitu. "'Kinachomshinda ni umeme. Katika yale yaliyokuwa yamebaki amekosa sita, na yote ni ya umeme. Wewe umeme unaujua kuliko mimi. Nakuomba umfundishe likizo hii, na mimi muhula ujao nitamfundisha kubana muda.'"

Fundi alimtazama binti yake, akatazama karatasi, akamtazama tena binti yake.

"Mama, umesoma kilichoandikwa, au unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Baba jamani!" Macho ya msichana yalijaa machozi na kicheko kwa pamoja. "Ripoti zote nimekusomea kama zilivyo. Hata zile mbaya. Ningetaka kukudanganya, si ningeanza zamani?"

Fundi akacheka kicheko kimoja kifupi, kisha akageukia ukutani akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akajisingizia vumbi. Alipogeuka alikuwa ameshakata shauri.

"Shule inafunguliwa lini, Mwalimu?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi."

"Atakuwepo. Na umeme huo nitampa mpaka aote." Akarudia, kama haamini masikio yake: "Mimi niombwe kufundisha!"

Mwalimu akapiga moyo konde. "Mwanangu, nisamehe. Ulikaa darasani kwangu mwaka mzima, sikukuona."

"Tulikuwa wengi, Mwalimu," fundi alisema.

Alisema kwa upole, ili kumpunguzia mzigo, na mwalimu akahisi umezidi. Afadhali angemfokea. Akamuuliza:

"Karakana unafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi ukifunga, pitia hapa. Nitakuwa kwenye kona ile, penye viti viwili. Nina deni la mwaka mzima."

Fundi aliangalia chini. Jitu zima lile, lenye kukunja nondo kwa mikono, likasimama likisugua kiatu sakafuni. Binti yake akamvuta mkono mpaka sikio lake likashuka, akamnong'oneza, ila kwa sauti ambayo mwalimu aliisikia barabara.

"Usiogope, baba. Siku hizi anasubiri."

Fundi akakuna kichwa, akasema atakuja Jumatatu hiyo ya kufungua shule.