Mpera wa Nyuma ya Jikoni

Kila jioni moshi ulipanda kutoka jikoni kwa marehemu Janeffer, ilhali hapakuwa na sufuria motoni. Mumewe, mzee Bethwel, alikuwa na jiko la gesi katika nyumba kubwa, na chakula cha mtu mmoja hakihitaji kuni. Moto ule aliuwasha kwa ajili ya mti. Nyuma ya ukuta wa udongo wa jikoni kulikuwa na mpera, na Bethwel alishikilia kwamba ukuta ukipata joto, mpera nao utapata joto.

Watu wa Kimulot walimcheka, na kusema kweli walikuwa na haki. Kimulot ni kwa majani chai. Baridi ya msitu wa Mau hushuka asubuhi mpaka mtu anachuma akiwa na koti la mvua juu ya sweta mbili, na mpera ni mti wa penye jua. Janeffer aliutoa kwao Chebunyo, kule chini kwenye joto, ukiwa mche ndani ya mkebe wa mafuta, akaupanda hapo kwa ubishi tu. Ulikua ukafika kifuani pa mtu, ukagoma. Hata ua moja haukutoa. Janeffer alikufa bila kuonja pera lake.

Sasa mtu atauliza, mzee mzima na mpera wapi na wapi. Ni kwa sababu ya binti yake. Chepngeno alikuwa mtoto wake wa pekee, na alipompata Duke, kijana Mkisii, si wa kabila lao, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani, Bethwel alikataa katakata. Siku wazee wa Duke walipokuja kuposa, alifunga geti akaenda zake kuchuma, akawaacha wamesimama barabarani na suti zao hadi mvua ikawanyeshea. Chepngeno akaondoka na Duke wakaenda kuishi Keroka. Keroka si mbali. Mtu hutoka Kimulot asubuhi akala chakula cha mchana huko. Bethwel hakwenda hata siku moja. Chepngeno naye alirudi mara moja tu, kumzika mama yake, na hakulala.

Upweke ndio uliomfundisha mzee kupiga simu. Alijikaza akampigia, akazunguka na habari za ng'ombe na za mvua, mwisho akauliza, "Na wewe utakuja nyumbani lini?"

Chepngeno akajibu, "Hiyo mapera ya Mama ikizaa, nitakuja kukula."

Mtu mwingine angejua hapo amejibiwa nini. Bethwel aliyachukua maneno yale kama kiapo cha kanisani. Akaanza kuwasha moto, kuweka samadi, kuufunika mti kwa gunia wingu la mvua ya mawe likionekana. Kila asubuhi kabla ya kuingia shambani alisimama kando yake na kikombe cha chai, akiupa habari: ng'ombe amekataa kula, barabara imeharibika, fulani amezikwa. Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Misimu ikapita. Mti ukanenepa, ukajaa majani, juu ukawa bapa. Haukuzaa.

Aliyegundua kosa ni Bilhah, jirani aliyemsaidia kuchuma, naye alikuwa Mkisii vilevile. Asubuhi moja alikuja kuchukua kikapu, akamkuta mzee kwenye mpera, kikombe mkono wa kushoto, anaongea taratibu. Bilhah hakusikiliza maneno. Alikuwa akiutazama ule mkono mwingine.

"Baba Chepngeno," akasema, "hiyo mkono yako ingine inafanya nini?"

Bethwel akautazama. Vidole vilikuwa vikikata ncha za matawi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kuzitupa nyuma ya bega mahali ambapo kikapu hukaa. Ardhini ncha zilikuwa zimetapakaa, mbichi juu ya zilizokauka. Alikuwa amechuma majani tangu ujana wake, na vidole vilikuwa vimeacha kumuuliza kitambo.

"Mapera inatoa maua kwa tawi mpya," Bilhah akasema. "Sasa wewe kila siku unaichuma kama majani chai. Maua itatoka wapi?" Akacheka hadi akashika ukuta. "Na vile umemaliza kuni."

Bethwel hakucheka. Aliona aibu, na lililomuuma kuliko aibu ni kwamba siku zote hizo alizosimama pale akimngoja binti yake, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimzuia asije.

Dawa ilikuwa moja tu, kukaa mbali na mti. Akaanza kupitia upande wa zizi. Chai ya asubuhi akainywa mezani, akitazamana na kiti kitupu, na habari zake akabaki nazo. Mara kadhaa alijikuta amefika pembe ya jikoni, mkono umeshatangulia, akageuka na kuutia mfukoni. Jioni bado aliwasha moto, lakini aliketi ndani, upande wa pili wa ukuta. Hakuwahi kuwa mpweke vile, hata wiki ya mazishi, maana wiki hiyo angalau watu walijaa.

Matawi yakarefuka. Jua lilipokuja, Bilhah akamletea habari kwamba maua yametoka, meupe, na nyuki wamejaa. Bethwel hakwenda kuyaona; aliviogopa vidole vyake. Akangoja hadi harufu ya mapera yaliyoiva ikamfuata chumbani, ndipo akaenda, mikono nyuma. Yalikuwa mengi. Akachuma moja, kubwa la manjano, akaliweka mezani bila kulionja, akapiga simu.

"Imezaa," akasema hata kabla ya salamu.

"Nini imezaa, Baba?"

"Mapera ya mama yako. Imezaa mingi. Kuja."

Bethwel alisikia watoto wakicheza karibu na simu, wajukuu zake, ambao hawakuijua sura yake.

"Baba," Chepngeno akasema polepole, "nilisema hivyo nikijua haiwezi kuzaa. Baridi ya huko kila mtu anaijua. Sikutaka kukukatalia vibaya."

"Lakini imezaa."

"Imezaa," akakubali. "Duke bado anakumbuka ile mvua, Baba. Hata mimi nakumbuka." Kisha akauliza, "Ni tamu?"

"Sijui. Sijaonja. Nilikuwa nakungoja."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Onja, Baba. Usiningoje."

Simu ikakatika. Bethwel akalichukua lile pera mezani, akaliuma, akiomba moyoni liwe chachu, liwe la maji, liwe na funza, ili aweze kujiambia kwamba binti yake hajakosa kitu. Lilikuwa tamu sana, na alilimaliza lote peke yake.