Kunyamaza kwa Shamila

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, Tabora iliamka na manyunyu, vumbi la mtaa wa Mtendeni likalala. Fundi Nassibu hakugusa cherehani. Rafiki yake wa Kaliua alikuwa amempigia simu: amemwona Shamila, binti wa Nassibu, kwenye tangazo la mkorogo wa kujichubua ngozi.

Picha ile Nassibu aliiweka mwenyewe kwenye programu ya simu ya mafundi cherehani, kuonyesha gauni alilomshonea bintiye.

"Nani kawaruhusu?" alimwuliza Shamila, akimpa simu. "Mimi sikukubali chochote."

Shamila alishuka mpaka kwenye maandishi madogo, akasoma: "'Ukiendelea kutumia huduma hii, utahesabiwa umekubali picha zako zitumike katika matangazo.' Hukusema hapana, baba. Ulinyamaza, ukaendelea."

"Kunyamaza ndiyo kukubali?"

Shamila aliinamisha uso, vilevile alivyouinamisha siku baba yake alipomwambia kwamba Nasri wa Kaliua ameleta posa. Siku ile Nassibu alitoka anatabasamu, akamwambia Shehe Saidi, "Mwali kanyamaza. Amekubali." Ndoa ilikuwa ifungwe Jumapili.

Nassibu akauangalia uso ule ulioinama.

"Mwanangu, ile siku ya posa ulikuwa unakubali?"

"Nilikuwa natafuta maneno, baba."

"Maneno gani?"

"Ya kusema sitaki bila kukuvunjia heshima."

Msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, Nassibu alisali sunna na kukawia kwenye sijda. Aliomba msamaha, lakini alijua msamaha wa kumdhulumu mtoto huanza kuombwa kwa mtoto mwenyewe. Akamshika mkono Shehe Saidi, wakaenda nyumbani. Uani, Tatu, dada yake Nassibu, alikuwa anachagua mchele wa harusi. Nassibu akawaeleza yote.

"Ulimwambia kwamba anaweza kukataa?" aliuliza shehe.

"Sikumwambia."

"Wateja wote unawauliza mkono mrefu au mfupi," alisema Tatu, bila kuinua macho kwenye ungo. "Huyu wa kwako umemkatia tu."

 Nassibu alimwita Shamila, akasimama mbele yake kama mshitakiwa.

"Nisamehe, mwanangu. Shehe, dada Tatu, nyinyi ni mashahidi. Picha naifuta leo. Kesho napanda treni kwenda Kaliua, nawaambia wenzetu kwamba ndoa haipo na kosa ni langu. Na naahidi mbele ya Mungu: sitamwoza Shamila mpaka nisikie neno 'ndiyo' kinywani mwake."