Turubai Jeupe la Uwanja wa Kanisa

Wiki nzima ukungu ulikuwa umeketi juu ya Kibirichia kama mgeni asiyejua kuaga, na wiki nzima Gatwiri aliutukana kila asubuhi. Leo, loo! Jua lilitoka limeoga. Mlima ulionekana wote mpaka kwenye barafu. Simu ikalia.

"Imepaa kutoka Nairobi!" Daktari Munene, mkuu wake wa kazi, alisema. "Tandika!"

Gatwiri alipiga kigelegele peke yake njiani. Hii haikuwa ndege ya kubeba watalii, jamani. Ilikuwa ndege ya utafiti, inayoruka juu maradufu ya ndege za abiria, huko ambako rubani huvaa suti kama anakwenda mwezini na mbingu huwa nyeusi mchana. Tumboni ilibeba kamera inayoona jani la kiazi likiugua kabla mkulima hajaliona likinyauka. Viazi vya mama yake vilikuwa vimeozea shambani misimu miwili mfululizo. Kwa hiyo alipopata kibarua katika mradi wa ndege hiyo chuoni Nchiru, alimbembeleza Daktari mpaka akakubali ndege ipite Kibirichia pia.

Sharti lilikuwa moja. Chini kuwe na turubai jeupe na turubai jeusi, safi kabisa, ili kamera ijipime kwayo, kama mwenye duka anavyopima mizani yake kwa jiwe la kilo. Yakichafuka, picha zote za Kibirichia ni za kutupwa. Na ndege ingepita mara moja tu, kisha iende zake nchi nyingine.

Aliyatandika uwanja wa kanisa, mahali pekee palipo tambarare, akayapangusa mpaka yakang'aa. Kisha akapanda kilima cha nyuma kutafuta mtandao, amwambie Daktari kila kitu kiko tayari.

Aliporudi alikuta kioja. Turubai jeupe lilikuwa jekundu! Maharagwe, kutoka pembe hadi pembe, na wanawake wameinama wanayasambaza kwa viganja huku wakiimba. Aliyeongoza wimbo alikuwa mama yake mwenyewe, Kiende, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa.

"Mama! Mnafanya nini?"

"Tunaanika. Kwani chuoni umesahau maharagwe?"

"Hilo turubai ni la ndege!"

Kiende akawageukia wenzake. "Mmesikia? Siku hizi ndege zinatandikiwa kitanda."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Gatwiri alitaka kulia, maana kosa lilikuwa lake. Alizaliwa hapa. Alijua vizuri kwamba wakati wa mavuno, turubai likitandikwa uwanja wa kanisa ni la yeyote mwenye maharagwe mabichi, na hakuna anayeuliza la nani. Jua aliloliombea ndege yake, akina mama nao walikuwa wakiliomba, kwa kuwa maharagwe yao yalikuwa yameanza kuota ndani ya magunia.

"Mama, nisikilize. Ndege hiyo inakuja kuangalia viazi vyako."

Kicheko kikakatika. "Vyangu?"

"Vyako na vya hawa wote. Itaona ugonjwa mapema, mnyunyize dawa kabla haujavimaliza. Lakini turubai likiwa hivi, ni kazi bure. Na iko njiani!"

"Mwenyekiti, tumeshayamwaga," mmoja alilalamika.

"Maji ndiyo yakimwagika hayazoleki!" Kiende alifoka. "Maharagwe yanazoleka! Fungueni leso!"

Weee! Uwanja ulichemka. Viganja, madebe, leso, watu wakigongana vichwa na kusukumana. Simu ikalia tena.

"Imeshapita Embu! Turubai vipi?"

"Safi!" Gatwiri alisema uongo, akifukuza punje za mwisho kwa magoti.

Lilibaki vumbi. Kiende akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha ibada, ambacho hata mvua huwa hairuhusiwi kukigusa, akapiga magoti na kupangusa turubai lote.

"Tuyaweke wapi? Nyasi zimelowa!"

"Shikeni hivyo hivyo! Rudini nyuma, msitupe kivuli!" Gatwiri aliwahimiza.

Wakasimama wakilizunguka turubai, leso zimejaa, mikono ikitetemeka kwa uzito. Hakuna aliyetua mzigo. Hakukuwa na mngurumo wowote. Kisha, juu kabisa, kitu kidogo kikametameta.

"Ile pale!" Gatwiri alipiga kelele huku machozi yakimtoka. Kiende, mikono ikiwa imejaa, aliisalimia kwa kidevu.

Jioni Daktari alituma picha. Turubai jeusi, turubai jeupe pe, na mashamba ya Kibirichia yote, moja baada ya jingine.

"Kazi nzuri sana," aliandika. "Lakini hii pete ya rangi rangi kuzunguka turubai ni nini?"

Gatwiri alimwonyesha mama yake, wakaitazama pamoja. Kisha akajibu:

"Hao ndio wenye viazi, Daktari."