Mlango Uliopigwa Msasa

Watu husema kuokota si kuiba. Sawa, lakini dhoruba ikishapita, ulizia kwanza mwenyewe. Mama Brashi hakuulizia.

Bahari ilipomaliza kubomoa nyumba za mtaa wa chini, aliukuta mlango umekwama kwenye matope nyuma ya jiko lake. Mbao nzima, hauna hata ufa. Na bintiye, mchora vibao vya maduka ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, alikuwa akihangaika kutafuta ubao mkubwa wa kuchorea bahari ile.

"Karatasi haitoshi, mama. Nataka mtu akiiona arudi nyuma."

Basi mama, kwa mapenzi, akaupiga mlango msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Pembeni kulikuwa na vikwaruzo, kimoja juu ya kingine. Aliviona. Akavisugua mpaka vikaisha, maana rangi haipendi mabonde.

Picha ikatoka. Wimbi limesimama juu ya mapaa kama mtu aliyekuja kudai chake. Ilipowekwa kwenye ukumbi wa shule, kweli watu walirudi nyuma. Mama akavimba kichwa.

"Huyo wangu! Nimemzaa mwenyewe!"

"Tumekusikia tangu getini," muuza mkaa akamtania.

Ndipo akaingia fundi cherehani wa mtaa wa chini, ambaye maji yalimchukulia mwanawe. Wimbi hakulitazama. Alitazama bawaba.

"Huu mlango wangu," akasema. "Kila nikimshonea mwanangu sare, nilimsimamisha hapa, nikaweka alama kwa ncha ya mkasi. Ziko chini ya rangi, sivyo, binti yangu?"

Brashi hakubisha. "Nisamehe, mama mdogo, sikujua. Tutazipata." Akatoa kisu chake cha rangi, akaanza kukwangua.

Mama alijua chini hakuna kitu. Aseme vipi, mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwaringia? Labda fundi atachoka. Labda atasema basi, inatosha. Povu likadondoka sakafuni, kisha mgongo wa wimbi, kisha mapaa. Fundi amepiga magoti, anapapasa mbao kwa kidole.

"Shuka kidogo," akasema. "Alikuwa mfupi."

Hapo mama akashindwa. "Acha, Brashi. Hazipo. Nilizisugua mimi. Niliziona, nikazisugua."

Binti akatazama maganda ya bahari yake miguuni.

"Na muda wote huu ulikuwa umesimama hapo, mama?"

Fundi akainuka, akajipangusa magoti. "Nisaidieni kuubeba. Ni mlango wangu hata hivyo."

Brashi akashika upande mmoja, muuza mkaa mwingine. Mama naye akanyoosha mkono.

"Wewe pumzika, dada," fundi akamwambia, kwa upole tu. "Umeshafanya kazi ya kutosha."

Wakatoka. Yeye akatafuta ufagio, akabaki kuzoa bahari.